Barua Niliyosomewa Mwaka wa Uhuru

Cheyo, Tabora
17 Oktoba 1975

Kwa Mama mdogo Kuluthumu,

Shikamoo. Natumaini ulifika Bukene salama siku ile ya Jumatatu, na kwamba mguu haukukusumbua kwenye treni. Sisi hapa tunajikongoja. Michembe ya viazi na asali uliyotuletea ndiyo iliyotulisha matanga yote, maana sukari Tabora imekuwa hadithi. Nyumba imepoa. Asubuhi najikuta naweka maji ya Baba ya kunawia, halafu ndipo nakumbuka.

Arobaini yake tutaifanya Jumapili tarehe 16 Novemba. Asubuhi ni dua nyumbani, na alasiri watu wa chama na wa mji watakusanyika maktaba, chumba cha kusomea kipewe jina lake: Chumba cha Abbasi. Nimeombwa niandike risala ya maisha yake na kuisoma, kwa kuwa mimi ndiye niliyefanya naye kazi miaka hii ya mwisho.

Mambo ya juu juu ninayo. Baba yake alikuwa mpagazi, alishuka Bagamoyo mara nne na pembe begani. Yeye mwenyewe aliajiriwa mwaka 1936 kufagia chumba cha kusomea, akajifunza kusoma kwa kupangusa vitabu, na mwishowe akapewa funguo. Miaka thelathini na tisa. Makopo ya mafuta ya taa chini ya miguu ya makabati ili mchwa wasipande. Masanduku ya vitabu aliyoyapandisha kwenye treni kwenda vijijini. "Usilambe kidole ukifunua ukurasa!" Hayo kila mtu anayajua.

Ninayotaka ni yale ya ndani, na wewe ulikuwa jirani yetu ukuta kwa ukuta, ukimletea barua yako akusomee. Nikuambie jambo. Alipokuwa hospitali, hakuulizia maktaba hata mara moja. Aliuliza, "Kuluthumu amefaulu kisomo?" Nikamwambia amefaulu, jina lake limetoka. Akafumba macho, akasema Alhamdulillahi. Nataka niliweke hilo, watu wajue alivyopenda watu wazima wasome.

Niandikie lolote unalokumbuka. Kama mkono bado mzito, Mwalimu Bernadeta wa kisomo akuandikie.

Mpaka leo nikimkumbuka mtani wake, Mzee Selemani, siku ile ya mazishi, nacheka peke yangu. Mzaramo yule hana haya! Kavaa miwani ya marehemu na kofia yake, kakalia kiti chake, anawafokea waombolezaji wasilambe kidole wala kukunja kurasa. Halafu kalala mlangoni jeneza lisipite mpaka apewe kuku. Baba alizoea kusema Wazaramo walianza kututania tangu babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo, na hawatatuachia hata kaburini.

Mwanao,
Amne


Bukene
24 Oktoba 1975

Mwanangu Amne,

Marahaba. Barua hii naandika mwenyewe. Usidhani ni mkono wa Mwalimu Bernadeta. Nimeanza Jumanne na leo Ijumaa. Ukiona herufi imelala, ujue hapo nilipumzika.

Nina neno moja, nalisema kwanza kabla mkono haujachoka. Siku ile mwili wa baba yako ulipokuwa ndani, kabla wanaume hawajaubeba, ami yako Omari alisimama mlangoni akasema mwenye kinyongo na marehemu amsamehe. Tukaitikia, tumemsamehe. Mimi niliitikia kwa sauti kubwa kuliko wenzangu. Sasa ule msamaha wangu nauondoa. Wala usiniweke kwenye risala.

Sasa nakueleza sababu.

Vyeti vyetu vya kisomo vilifika wiki niliyorudi kutoka kwenu. Nikasema leo nitasoma kitu changu, si kile kitabu cha darasani cha pamba na mbolea. Na mimi kitu changu kilichoandikwa ni kimoja tu duniani, barua ya Mussa mume wangu, tangu alipokwenda kukata mkonge. Hata operesheni ya vijiji ilipotuhamisha mwaka jana, kilichotangulia kwenye mkokoteni ni sanduku lenye barua ile.

Naijua kwa moyo. Ililetwa mwezi wa Uhuru, mwaka sitini na moja, siku ya tatu tangu tumzike mwanangu Maua. Nilikuwa sili wala sinywi. Mama yako, Mungu amrehemu, alinishika mkono akanipeleka maktaba. Baba yako akaifungua, akaitazama kitambo, akanisomea. Na kwa miaka mitano niliyobaki Cheyo, kabla sijahamia huku kwa kaka yangu, kila nilipozidiwa nilimpelekea tena, naye akanisomea tena. Hakuchoka. Inasema hivi:

"Mke wangu Kuluthumu. Habari ya mtoto wetu imenifika, nimelia mbele za watu. Usilale na njaa. Kazi ya mkonge haijaniachia, lakini nitakuja. Ningoje. Ukizidiwa nenda kwa jirani, ukae penye watu."

Siku ile nilimuuliza, Mussa amejuaje mara hii na mtoto tumemzika juzi? Akasema yeye mwenyewe ndiye aliyempelekea simu ya maandishi. Nikamshukuru.

Basi wiki ile nikaifungua, nikaweka kidole kwenye neno la kwanza. Si lenyewe. La pili si lenyewe. Nikadhani nimesahau kusoma. Wallahi nililia, Amne. Nikaona cheti changu ni cha bure, walinipa kwa kunihurumia. Nikaenda nacho kwa Mwalimu Bernadeta, nikamwambia kichukue, mimi sijui kitu. Akaniuliza kuna nini. Nikampa barua. Akasoma kimya, halafu akanitazama akasema, "Mama, wewe umesoma sawasawa."

Nakunakilia ilivyo:

"Kwa Kuluthumu binti Ngollo. Nimekuacha talaka tatu mbele ya mashahidi wawili. Nina mke huku Korogwe na sirudi. Ukipata mtu, olewa. Mimi Mussa."

Ndiyo yote. Nimemuuliza shehe wa hapa, akasema talaka ilipita tangu siku ile ile. Kwa hiyo miaka kumi na minne nimekuwa mke wa hewa. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, sasa nina arobaini. Na wapo walionitaka. Selemani huyo huyo unayemcheka alinitaka, mwaka sitini na tatu, alipokuwa bado stesheni ya Tabora, kabla hajahamia huku Bukene. Na aliyeletwa kuwa mshenga ni nani? Baba yako. Alikaa kwenye mkeka wangu, nikamwambia nina mume, rudi kamwambie. Akainamisha kichwa akaenda zake.

Barua iliyosema niko huru alikuwa ameishika kwa mikono yake mwenyewe.

Ndiyo ninayokumbuka.

Kuluthumu binti Ngollo


Cheyo, Tabora
28 Oktoba 1975

Mama mdogo,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara tatu.

Sitaki kukukosea adabu. Lakini Baba hakuwa mtu wa uongo. Mji mzima unajua. Alikuwa akimrudisha mtu kutoka sokoni kwa sababu ya ukurasa mmoja uliokunjwa! Ningejua. Nimekaa naye meza moja miaka minane.

Naomba ufikiri tena. Mwandiko wa mkono si sawa na maandishi ya kitabu, hata sisi tuliosoma shule unatushinda, sembuse mtu wa kisomo aliyepata cheti juzi. Na Mwalimu Bernadeta ni kijana, Mkristo, huenda mambo ya talaka hayajui akaelewa visivyo. Labda barua zilikuwa mbili na moja imepotea. Labda Mussa aliandika hii baadaye, na wewe umesahau ilivyofika.

Yote haya yanaweza kuzungumzwa. Lakini msamaha, Mama mdogo, usiuondoe. Uliutoa mbele ya mwili wake. Yuko chini ya udongo, hawezi kujibu, hawezi kukufuata huko Bukene akupigie magoti. Mimi silali. Kila nikiswali namwona kasimama mahali, anangoja kitu. Nakuomba kwa jina la Mama, uliyekuwa ukimwita dada.

Amne


Bukene
2 Novemba 1975

Amne,

Umesema mwandiko wa mkono unamshinda mtu wa kisomo. Ahsante. Huu wako nimeusoma wote, mpaka pale ulipokata neno ukaandika jingine juu yake.

Mwalimu Bernadeta usimtie humu. Yeye ni Mkatoliki na baba yako alikuwa Mwislamu, na aliyenidanganya si Mkatoliki.

Barua ni moja. Bahasha ni moja. Muhuri wa posta ni wa Novemba mwaka sitini na moja, nao pia nimeusoma.

Nimekaa nikafikiri jambo. Mzee Selemani alipokuwa na miwani ya baba yako usoni siku ile, alisema nini? Wewe unakumbuka kidole na kurasa. Mimi nakumbuka jingine. Alinigeukia pale tulipokaa sisi wanawake, akasema, "Mimi Abbasi! Kuluthumu nilimsomea barua ya mumewe miguu juu, kichwa chini! Aliachwa, nikamwambia angoje!" Watu wakaangua kicheko. Mimi nilicheka kuliko wote. Nilicheka mpaka nikajifuta machozi kwa kanga, nikasema huyu Mzaramo ataniua.

Alijua. Na mimi nilicheka!

Kila asubuhi anapita hapa na baiskeli, ananisalimu, naingia ndani. Sina uso wa kumuuliza. Mwulize wewe, ni mtani wenu.

Na huo msamaha mnaoutaka, sikiliza sharti langu. Risala yako itaje alilonifanyia. Ulitaje mbele ya watu, katika chumba kile kile alimonisomea. Mkiona haya, basi msome hayo ya makopo na mchwa, na mimi nibaki na langu.

Jina la mama yako usilitumie kunifunga mdomo. Yeye alinipeleka kwa moyo safi.

Kuluthumu binti Ngollo


Cheyo, Tabora
5 Novemba 1975

Kwa mtani wetu Mzee Selemani,

Shikamoo. Sina nguvu za utani leo, nisamehe. Kuluthumu amesoma barua ya mumewe. Anasema uliyoyatamka msibani hayakuwa mchezo. Kama ni mchezo, niambie upesi, nimwandikie. Kama si mchezo, nieleze ulijuaje na kwa nini ulisema vile, mbele ya watu wote, watu wakacheka na mimi nikiwemo.

Nakuomba unijibu kwa treni ya kwanza.

Amne binti Abbasi


Bukene
8 Novemba 1975

Kwa Amne, mjukuu wa wapagazi,

Marahaba mtani. Ninyi Wanyamwezi hata kufa hamkujui. Mtu anakufa na mzigo begani, badala ya kuutua anamtwisha Mzaramo! Babu zenu walitubebesha nini njiani, na leo tena?

Haya. Utani basi.

Si mchezo. Baba yako alinieleza mwenyewe hospitali, Jumanne, siku tatu kabla hajafariki. Ulikuwa umetoka kwenda kuchukua uji. Alinishika mkono akasema, "Selemani, yule mwanamke alikuwa huru ulipomtaka. Nilikuwa najua." Kwanza nilidhani ni homa. Akaeleza yote. Alisema siku ile barua ilipofika, Kuluthumu alikuwa amekaa mbele yake na kanga yenye udongo wa kaburi la mtoto, na yeye akaona akimsomea yaliyoandikwa, mwanamke yule hatafika nyumbani. Akatunga papo hapo. Alikusudia amwambie baadaye. Baadaye ikaenda, ikaenda.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za hospitali. Nilitaka kurudi nimkabe, Amne, nakuambia kweli. Lakini alikuwa kilo thelathini, na alikuwa rafiki yangu tangu masanduku yake ya kwanza ya vitabu yalipopita stesheni kwangu. Mimi nilikuja kuoa mke mwingine, tukakaa vizuri, Mungu akamchukua. Sina wa kumlaumu kwa hilo. Lakini nilimpenda Kuluthumu, na aliyenirudishia jibu, akaniambia pole mtani, ana mume wake, ni yeye. Akaninunulia na kahawa.

Nilirudi ndani. Akaniomba nimwambie Kuluthumu kabla hajajisomea mwenyewe. Nikaahidi.

Basi siku ya msiba nikamwona amekaa na wanawake, ulimi ukanigoma. Sisi watani tumezoea, siku ya msiba tunamsema marehemu yote na hakuna wa kukasirika. Nikaona njia ni hiyo. Nitavaa miwani yake, nitasema kwa sauti yake, na mwenye kuambiwa atafahamu. Nikasema. Naye akacheka. Nikamtazama anavyocheka, nikajua nimefanya upumbavu wa kunitosha maisha yangu yote. Kila asubuhi napita kwake na baiskeli nikitaka kushuka, na miguu inaendelea kukanyaga pedali.

Kwa hiyo waoga tuko wawili, mmoja yuko kaburini na mwingine anakuandikia. Ukitaka kunitukana, nitukane, utani wetu unaruhusu.

Mtani wako,
Selemani Pazi


Cheyo, Tabora
11 Novemba 1975

Mama mdogo Kuluthumu,

Shikamoo. Nakuomba radhi. Kwa yale niliyoandika kuhusu kusoma kwako, na kuhusu Mwalimu Bernadeta, na kuhusu jina la Mama. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona. Wewe ulisoma sawasawa, aliyekataa kusoma ni mimi.

Mzee Selemani amenijibu. Alijua, aliambiwa hospitali. Sitayarudia yake hapa, anapaswa kukwambia mwenyewe, na nimemwandikia kwamba asiposhuka kwenye baiskeli hiyo nitakuja Bukene nimshushe.

Niliposoma barua yake nilifunga maktaba saa nne asubuhi, jambo ambalo Baba hakulifanya hata siku ya mazishi ya Mama. Nikaenda kwenye sanduku lake la kadi za wasomaji. Nilijua kama kuna kitu, kitakuwa humo, maana Baba hakuweza kuficha kitu bila kukipanga. Nikafungua herufi K. Nyuma ya kadi yako, ile uliyoitia dole gumba, pana karatasi imekunjwa mara nne. Ni maneno yale yale uliyoniandikia, "Mke wangu Kuluthumu, habari ya mtoto wetu imenifika," mpaka mwisho, kwa mwandiko wake. Aliyaandika ili kila ukirudi akusomee yale yale asikosee. Mikunjo imelegea kabisa, alikuwa akiitoa mara nyingi.

Nilikaa sakafuni. Nilimkasirikia, Mama mdogo. Nilimkasirikia Baba yangu kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, na hayupo wa kumfokea. Halafu nikamwonea huruma, halafu nikakasirika tena, na mpaka sasa niko hivyo hivyo.

Karatasi nimeitia humu, ni yako. Nyuma yake pana maandishi mengine. Nimeyasoma mara moja, siyanakili, utayasoma mwenyewe.

Kuhusu risala: nitalitaja. Nimeshaandika. Baba mdogo Omari nilimsomea jana, akasimama kabla sijamaliza. Anasema anayemvua nguo ndugu yake mbele ya chama na serikali si mtoto wa ukoo huu. Amesema hatahudhuria. Nimemwambia msamaha aliouomba mlangoni ameuondoa mwenye nao, na mimi sitakubali kuweka jina la Baba ukutani huku mtu akiwa bado na kinyongo naye. Nilikuwa nalia, lakini nilisema.

Sikuombi tena usamehe. Hilo ni lako. Nakuomba uje tu, usikie kama nimeandika vizuri.

Mwanao, ukinikubali,
Amne


Bukene
13 Novemba 1975

Mwanangu Amne,

Marahaba, na nimekukubali. Aliyekukataa nani?

Karatasi imefika. Nilifunga mlango nikakaa kitandani, nikaisoma. Sikuweka kidole. Kila neno lilikuwa mahali pake, "mke wangu", "usilale na njaa", "ukae penye watu". Nilisoma mpaka mwisho bila kukwama hata mara moja, na nikajikuta natabasamu, Mungu wangu, natabasamu kwa uongo ule ule! Mussa hajawahi kuniandikia maneno kama hayo, hata alipokuwa mume wangu. Nilikuwa nikimsifu moyoni, mume wangu ana ulimi mzuri. Kumbe ni mzee wa watu na miwani yake.

Halafu nikageuza nyuma. Wewe umeyasoma, lakini nataka kuyaandika kwa mkono wangu.

"Mwambie baada ya arobaini ya mtoto." Amepiga mstari akakata. "Mwambie baada ya Ramadhani." Amekata. "Mwambie akipata nguvu." Amekata. "Selemani amemtaka, mwambie leo." Hapo amekata kwa nguvu mpaka karatasi imetoboka. "Mwambie kabla hajapanda treni ya Bukene." Amekata. Na chini kabisa, kwa wino mwingine, na tarehe ya mwaka sabini na moja: "Siwezi. Afundishwe kusoma." Hilo hakulikata.

Mwaka huo ndipo alipokuja huku na sanduku la vitabu vya kisomo. Nilimwambia niache, mimi na kalamu wapi na wapi. Alikaa kwenye kizingiti cha kaka yangu tangu asubuhi, hakula, mpaka niliposema haya nitakwenda darasani. Kila mwezi akaniletea daftari kwa treni. Nilidhani ananipenda kama mtoto wake. Na alinipenda, sikatai. Lakini ona mtu huyu, miaka minne ananifundisha taratibu nije nimkamate, na siku nilipofaulu akasema Alhamdulillahi. Mwoga wa namna gani huyo!

Nimelia sana. Nimemtukana pia, kwa Kinyamwezi, maana Kiswahili hakikutosha.

Nimejiuliza, angenisomea kweli siku ile, ningekuwa hai? Kisima cha Cheyo kilikuwa karibu na mimi nilikuwa nakitazama vibaya. Yeye aliliona hilo, na hakuna mwingine aliyeliona. Kwa siku ile sina neno naye. Lakini mwaka uliofuata nilikuwa nala, nacheka, napika vitumbua, na ujana wangu wote bado nilikuwa nao. Miaka ile ndiyo yangu. Aliichukua akaniwekea kwenye sanduku la kadi.

Selemani alishuka jana. Alisimama uani ameshika baiskeli, akaanza mambo yake, eti ninyi Wanyamwezi. Nikamwambia leo sema kwa mdomo wako, au panda uende. Akasema. Ilimchukua muda mrefu na alilia, na mimi nikampa maji. Atanisindikiza kwenye treni. Hilo tu kwa sasa, usianze kutabasamu.

Tunakuja Jumamosi. Nataka hivi. Ami yako Omari mwambie aje, amekasirika lakini ndugu ni wake. Risala yako usome wewe, makopo na mchwa na Bagamoyo na vyote, alikuwa mtu mkubwa na watu wasikie. Ukifika mahali pangu, kaa chini. Usiniseme. Nitasimama mimi, nisome barua ya Mussa, halafu nisome karatasi ya baba yako, mbele na nyuma, pamoja na yaliyokatwa. Watu wasikie wote, na asicheke mtu.

Nikimaliza kusoma nitasema tena kwamba nimemsamehe. Mara ya kwanza nilisema kwa sababu wenzangu walisema. Mara hii nitakuwa najua ninachomsamehe.

Niwekee kiti karibu na dirisha, macho yangu yanataka mwanga.

Kuluthumu binti Ngollo